Kikombe cha Glukosi

Fundi cherehani alilala na uchovu, akaamka nao. Mkewe, mwalimu wa baiolojia, naye alikuwa hoi kivyake, maana mchana kutwa alisimama darasani na jioni akarudi kwa mume anayesinzia juu ya cherehani, sindano imenasa katikati ya mshono. Mwanzoni alimtania kwamba uvivu umemkalia kitako. Mume akacheka, akala sahani ya pili, akanywa maji jagi zima, na bado akazidi kukonda. Suruali aliyojishonea mwenyewe ikabidi aipunguze kiuno.

Basi mwalimu akaamua kumtibu kwa elimu yake. Ndivyo alivyofundisha mwaka nenda mwaka rudi: mmea hunasa nguvu ya jua ukaihifadhi kwenye sukari, mtu akala, seli zikaivunja sukari ile kidogo kidogo, zikapata nguvu ya kuinua hata kope. Aliyechoka kapungukiwa sukari, ya nini kuzunguka? Kila asubuhi akamkorogea kikombe cha glukosi, akasimama mlangoni mpaka akione kimekwisha, ndipo ashike njia ya shule.

Akili nyingi huondoa maarifa. Siku majirani walipomkuta fundi ameanguka kando ya cherehani wakamkimbiza hospitali, daktari alimweleza mwalimu taratibu, na mwalimu akaelewa kabla hajamaliza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Sukari ilijaa tele kwenye damu, ila bila insulini seli hazikuweza kuipokea. Zilikuwa zinakufa njaa mlangoni pa ghala, na yeye kila siku alizidi kulijaza ghala.

Alikaa kando ya kitanda, miguu imemvimba, hana hata nguvu ya kulia. Fundi alipofumbua macho, mkewe alimuuliza kwa nini hakusema kama hali inazidi kuwa mbaya.

“Kila nikimaliza kile kikombe nilikuwa nazidi kuishiwa,” fundi alisema. “Lakini nikajiambia, mke wangu ni mwalimu, anajua.”

Mwalimu aliona aibu, na aibu ile ilimchosha kuliko kazi zote za mwaka ule.

Baadaye fundi akaomba maji. Mwalimu aliyamimina kikombeni, akakiinua mpaka karibu na midomo ya mumewe, kisha akakirudisha mezani, akatoka kwenda kumuuliza muuguzi kwanza.