Msuko wa Saba

Jumapili saa nane na robo mchana, Damaris alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, mtaa wa Kisumu Ndogo, huku pwani, na binti yake Linet, wa miaka minane, amekaa chini katikati ya magoti yake. Walikuwa wamefika msuko wa saba. Kichwa cha Linet huchukua misuko kumi na miwili ya kuning'inia, na kila msuko una habari yake. Ndivyo walivyopatana tangu Damaris alipoanza kazi ya udobi katika hoteli moja ya ufukweni, kazi inayomtoa nyumbani kabla mtoto hajaamka na kumrudisha mtoto akiwa amelala. Habari za wiki nzima zilingoja Jumapili. Linet alizipanga mwenyewe, ndogo kwanza na kubwa mwisho, na ile ya msuko wa kumi na mbili hakuitoa hata kwa kubembelezwa.

Habari ya saba ilimhusu mbuzi aliyeingia darasani wakati wa hesabu. Mbuzi alikuwa bado yuko mlangoni simu ilipolia.

Alikuwa Bwana Mutuku, msimamizi wa chumba cha kufulia. Wageni mia mbili wameshuka siku mbili kabla ya tarehe yao, alisema, kwa hiyo kila mtu arudi sasa hivi, na watalala huko huko kazini mpaka Jumapili ijayo. Aliomba radhi vizuri sana. Bwana Mutuku ni mtu wa adabu, hajawahi kumnyima mtu ruhusa bila kumjulia hali kwanza.

Anayejua kusuka anajua kwamba msuko usiofungwa mwisho hauachiliwi. Ukiuachia unafumuka, na kazi yote imekwenda bure. Damaris alishika simu kwa mkono wa kushoto na msuko kwa mkono wa kulia, akaingiza miguu kwenye ndara, akamwita jirani yake Mastura amtazamie mtoto, akapanda bodaboda. Alipofika barabara ya lami ndipo alipogundua kwamba msuko bado anao mkononi na Linet hayuko nyuma yake. Msuko ulikuwa umerefuka.

"Mama Linet!" Mastura alimpigia kelele kutoka uani. "Waenda na kichwa cha mtoto?"

"Nywele tu," Damaris alijibu. "Kichwa nimekuachia wewe."

Getini mwa hoteli, mlinzi Sanga alifungua kitabu cha wageni. Yeye huandika kila kitu, hata kuku. Aliandika: Msuko, mmoja. Umeingia saa tisa kasoro dakika kumi. Kwenye safu ya kutoka akaweka mstari.

Mji uliuzoea msuko ule kwa siku moja. Waendesha bodaboda waliuinua kwa mkono mmoja na kupita. Mastura, ambaye huamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, aliona umepita vizuri juu ya ua wake, akaanika kanga mbili na kuona zinakauka haraka kuliko kwenye kamba yake. Shuleni, Mwalimu Priscilla alifungua dirisha la nyuma. "Mwenye kichwa akae ndani, mkia ukae nje," alisema, akaendelea na somo la mito.

Simu za wafanyakazi zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya Bwana Mutuku, kwamba zinachelewesha kazi. Damaris aliifunga ile ncha ya msuko kwenye kifundo cha mkono wake. Asubuhi aliuvuta mara moja, na Linet akaamka na kunawa uso. Wakati wa chai alivuta tena, na kila mmoja akaumega mkate wake alipokuwa. Shuka la hoteli hukunjwa mara nne, na Damaris alikuwa akivuta kila anapokunja. Kufikia Jumanne Linet alikuwa anajua kuzidisha kwa nne mpaka arobaini na nane, jambo ambalo fimbo ya mwalimu wa mwaka uliopita ilishindwa kumfundisha. Jioni walivutana mara tatu, taratibu, na Linet akalala. Katika miaka miwili ya kazi ile hawakuwahi kuwa pamoja siku za kazi kiasi hicho.

Hata hivyo Linet alimtamani mama yake, na alisema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Tena kulikuwa na ile habari ya kumi na mbili. Ijumaa saa nne itakuwa siku ya wazazi. Linet amechaguliwa kughani shairi alilolitunga mwenyewe, beti nne, kuhusu mbu. Mwalimu Priscilla amebandika karatasi kwenye kiti cha mbele kabisa: Mama Linet. Mama Linet mwenyewe hakuwa na habari.

"Njoo nikumalizie hiyo mitano," Mastura alimwambia Jumatano. "Mtoto gani huyu aenda na kichwa nusu kama shamba lililokimbiwa?"

"Hiyo ni ya mama," alisema Linet. "Ina habari zake ndani."

"Basi niambie mimi, n'tampelekea."

"Bi Mastura, wewe ukipewa habari asubuhi, adhuhuri imeshafika kijiji cha Ganda."

Mastura alicheka mpaka akaketi. Hakukataa.

Alhamisi baada ya shule Linet aliufuata msuko wake kwa mkono, kama mtu anayefuata ukuta gizani, mpaka akafika getini mwa hoteli.

"Shikamoo," alimwambia Sanga.

"Marahaba. Wewe ndiwe mwenye hizi nywele?"

"Ndiyo. Naomba niingie kwa mama. Ni robo saa tu."

Sanga alitazama kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake, ingawa alikijua kwa moyo. Watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi. Alisikitika kweli, kwa sababu naye ana wajukuu Marereni ambao huwaona Krismasi kwa Krismasi. "Msuko unaruhusiwa, mwanangu," alisema. "Ulishaandikishwa. Wewe ndiwe huruhusiwi."

Linet alifikiri. Kisha akaketi chini, akaegemeza kichwa kwenye geti, na kupitisha fungu la nane la nywele kati ya vyuma. Nywele zilikuwa zinaijua njia. Zilipita kando ya bwawa la kuogelea, zikakata kona jikoni, zikaingia chumba cha kufulia. Zikafuata za tisa, za kumi, za kumi na moja na za kumi na mbili. Sanga alilamba kidole, akafungua ukurasa mpya na kuandika: Mafungu ya nywele, matano.

Damaris aliiweka pasi kando. Alisuka mbali na kichwa, kinyume na kawaida, na kila pindo likajirudisha lenyewe mpaka getini. Kila alivyosuka, habari ya msuko huo ilimfikia vidoleni. Katika wa nane alisikia kwamba jino la mbele limeng'oka na limetupwa juu ya paa. Katika wa tisa, paka wa Mastura amezaa ndani ya karai la unga. Wa kumi ulikuwa na baba yake Linet, Katana, aliyepiga simu kutoka mashamba ya chumvi ya Marereni na kusema atakuja mwisho wa mwezi. Katika wa kumi na moja Linet alikiri kwamba ndiye aliyemfungulia mbuzi mlango. Damaris alicheka peke yake juu ya foronya.

Alipofika wa kumi na mbili hakucheka. Aliusuka karibu wote, akaacha mapindo machache ya mwisho, akaushika hivyo hivyo na kwenda kwa Bwana Mutuku.

"Habari za watoto?" aliuliza Bwana Mutuku.

"Ni mmoja, bwana. Hajambo. Kesho saa nne anaghani shairi mbele ya wazazi. Naomba saa moja tu, nitairudisha jioni."

Bwana Mutuku alitazama misuko sita iliyokuwa mkononi mwake. "Damaris," alisema kwa upole, "wenzako hapa hawana hata msuko mmoja. Wewe uko na mtoto kutwa nzima. Nikikupa ruhusa wewe, hao nitawaambia nini?"

Ijumaa saa nne Linet alipanda jukwaani akiwa na misuko sita mgongoni na mingine sita inayotoka dirishani. Wazazi walikuwa wengi. Kiti cha mbele kilikuwa na karatasi yake na hakuna aliyekikalia. Linet alikitazama mara moja, akaumia, akaanza.

Kule hotelini Damaris alianza kusuka yale mapindo yaliyobaki, polepole sana, na ubeti wa kwanza ukamfikia. Wenzake walizima pasi na kumzunguka, naye akawa anawatolea kwa sauti anachosikia. Mbu alikuja kwa miguu kutoka mtoni. Mbu alibisha hodi kwenye chandarua, akaambiwa wenyewe wamelala. Mwanamke mmoja alicheka akadondosha taulo.

Katikati ya ubeti wa tatu msuko ulinyamaza. Damaris alingoja. Vidole vilikuwa havisikii kitu ila moyo wa mtoto ukipiga mbio. Hakulijua shairi, hangeweza kumkumbusha neno hata moja. Alivuta mara tatu, taratibu, kama zile za kulala.

Watu waliokuwa karibu na dirisha waliona misuko ikitikisika. Linet alivuta pumzi, akamrudisha mbu kwenye chandarua na kumaliza naye. Walipiga makofi mpaka kuku wa shule wakakimbia. Mwalimu Priscilla alifungua daftari la mahudhurio, akakitazama kile kiti, akakaa na kalamu hewani kwa muda. Mwishowe aliandika alichokiona: Hakufika.

Jumapili wageni waliondoka, na Damaris akarudi nyumbani kwa miguu akiikunja misuko begani mpaka ikawa mifupi kama kawaida. Aliifunga yote kwa uzi mweusi. Sanga alikuwa ameshajaza safu ya kutoka.

Jumatatu getini kulikuwa na kibao kipya chini ya kile cha zamani. Kwa kuwajali wafanyakazi wenye watoto, kila mmoja anaruhusiwa kuingia na msuko mmoja. Wenye wavulana watafikiriwa. Mapumziko ya Jumapili yatatolewa kazi ikiruhusu. Siku hizi asubuhi juu ya mapaa ya Kisumu Ndogo hupita misuko mingi, na Mastura hana tena shida ya mahali pa kuanika.

Linet anasukwa Jumapili zile ambazo kazi inaruhusu. Jana Damaris aliketi kwenye kigoda, akagawa nywele na kushika fungu la kwanza. Simu ilikuwa dirishani, bado haijalia.

"Haya, tuanze na ile ndogo," alisema.

"La, mama," alisema Linet. "Leo naanza na ile kubwa."