Mama Edith na Boti la Wageni wa Naviundu

Jumamosi, saa nne asubuhi, Clotilde alikuwa akichambua mchele wa matanga ya mama yake pale meli ya watalii ilipotia nanga kwenye mto Naviundu. Ilikuwa na ghorofa kumi na bwawa la kuogelea juu. Mto wenyewe, mtu akivua kiatu anaweza kukirusha mpaka ng'ambo. Majirani waliitazama kidogo, wakahamisha nguo zao zilizoanikwa, maana meli ilikuwa imeziba jua.

Clotilde hakuwa na nafasi ya meli. Kaburi la mama yake, Edith, lilikuwa limeshachimbwa ng'ambo, na kwao kaburi halilali wazi. Likilala wazi huita mtu mwingine wa nyumba ile ile. Lakini daraja lilichukuliwa na mvua miaka mitatu iliyopita, na maji yalikuwa ya kifuani. Mtu aliweza kuvuka. Jeneza halikuweza.

Miaka yote hiyo mitatu mkuu wa mtaa, Constantin, alikuwa akisema mbao hakuna. Siku ile mbao zilitoka ofisini kwake, nzuri, zimepigwa randa, na kabla ya saa sita gati likawa limesimama. Constantin akavaa tai. Kisha akatuma watu wachukue viti vya plastiki vya matanga, awakalishe wageni.

Boti dogo la kushushia abiria lilikuja mara nane. Wageni walikaa kwenye viti vya msiba, wakala bukari, ugali wa msiba, na wanawake walipolia, wakapiga makofi. Mmoja aliomba walie tena, simu yake haikuwa tayari. Na Constantin, mtu mzima mwenye wajukuu, hakuona haya kuwaashiria walie tena.

Clotilde akamfuata gatini.

"Chef, ile boti ituvushie mama tu. Kaburi njo ile, tunaiona."

"Maman Clotilde, ile iko ya ba touristes. Bila badge, hapana."

"Na pont?" Clotilde akauliza habari za daraja.

"Dossier iko inatembea."

Kwa muda ambao faili hilo lilikuwa likitembea, konokono angekuwa ameshafika Kasapa, mwisho kabisa wa mji, na kurudi.

Saa kumi na moja Edith alichoka kungoja. Alisukuma kifuniko cha jeneza, akatoka, akajifunga kitenge vizuri.

"Minachoka kulala, Clo," alisema. "Acha mi niende."

Akapanga foleni na wageni. Mkononi alikuwa bado na kikaratasi cha chumba cha maiti, chenye namba. Baharia akakisoma kama badge, akamvisha jaketi la kuokolea, akampa mkono apande. Constantin alimsalimu kwa heshima, kwa sababu sasa alikuwa abiria.

Edith aliomba ashushwe ng'ambo. Boti lilipita karibu sana, hata wachimba kaburi wakamwamkia. Baharia akamjibu kwa adabu kwamba ng'ambo haimo kwenye ratiba, akampandisha melini. Meli ikapiga honi, ikaondoka naye. Alikuwa amesimama ghorofa ya nne, amekunja uso.

Jua lilikuwa linazama na kaburi lilikuwa wazi. Clotilde aliingia ndani akachukua nakala za barua zote walizoandika kuomba daraja, kila moja na muhuri wake. Akazifunga kwenye kitenge kingine cha mama yake, akajitwika, akaingia majini. Ng'ambo wachimba kaburi walilipokea furushi, wakalishusha taratibu, wakafukia. Clotilde alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Wiki mbili baadaye Constantin alitangaza kwamba gati litarefushwa, meli itarudi. Clotilde akauliza tena habari za daraja.

"Dossier iko inatembea, maman."

"Hapana, chef. Iko ng'ambo. Ni miye niliizika."

Constantin alifungua daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba dossier ya daraja imeshafika ng'ambo, kwa hiyo daraja halihitajiki tena. Akapiga muhuri.

Clotilde akaweka jembe kichwani, akaingia majini kwenda kupalilia kaburi.