Matairi ya Kwenda kwa Tomke

Mkaguzi wa magari alipiga goti kando ya gurudumu la nyuma, akamulika ubavu wa tairi kwa tochi, akamwita baba yangu aje aone. Baba hakuinama. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa shuleni kuambiwa mwanawe ameiba.

"Meno yote yapo," alisema. "Hayajaliwa hata kidogo."

"Yapo, Bwana Harms. Lakini mpira umezeeka. Ona nyufa hizi. Matairi haya yalitoka kiwandani mwaka aliozaliwa mjukuu wangu, na sasa anasoma darasa la tatu."

"Nayakinga jua! Nayaosha kwa sabuni ya mtoto!"

"Ndiyo maana yanapendeza. Hata siku yatakayopasuka barabarani yatakuwa yanapendeza."

Nilicheka. Baba hakuniongelesha mpaka tulipofika nyumbani.

Huku kwetu Frisia ya Mashariki, katika nchi tambarare ya kaskazini, nyuma ya tuta la bahari, gari-nyumba, lile gari lenye kitanda na choo ndani, haliumwi kwa kutembea, linaumwa kwa kusimama. Mwenye nalo hulitoa wiki chache za kiangazi, kisha hulirudisha bandani, akalipangusa na kulifunika kama mgonjwa. Baba alikuwa amemshonesha Mama soksi nyeupe za matairi ili jua lisiyaguse. Alifanya kazi ya kupima matuta ya bahari maisha yake yote, na anaamini kuwa kitu kinachotunzwa hakiharibiki. Sasa mtu mwenye tochi alikuwa amemwambia kwamba matairi yameharibika hivyohivyo, ndani ya soksi.

Safari hiyo, hata hivyo, haikuwa ya kiangazi. Dada yangu Tomke ameolewa Allgäu, mwisho kabisa wa nchi upande wa kusini, katika kijiji kilicho ng'ambo ya njia ya mlimani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Fenja, na ubatizo ulipangwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi. Mama hakuwa amempakata mjukuu huyo hata mara moja. Alikuwa amewekewa nyonga ya bandia kiangazi hicho, na kwenda huko kwa treni ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, halafu nyumba ya Tomke ina ngazi iliyosimama kama ya kupandia darini. Kwenye gari-nyumba kitanda kiko chini na choo kiko hatua moja. Kwa hiyo Baba alikuwa amemwambia mbele yangu, "Hilke, nitakupeleka mimi mwenyewe." Mama alikuwa ameshafuma kofia ya ubatizo.

Basi palitakiwa matairi tu. Matairi ya misimu yote, yanayovumilia mvua ya kwetu na theluji ya kwao, ili tusinunue seti mbili na kukosa pa kuweka moja. Nilikuwa nimemaliza chuo majira hayo, shahada ya ustawi wa jamii, na nilikuwa nimerudi nyumbani kungoja kazi. Niliamini hakuna jambo ambalo watu wanaopendana hawawezi kulimaliza wakikaa mezani. Nikasema hili tutalimaliza kabla ya chai.

Hatukulimaliza. Kuna matairi yaliyotengenezwa mahsusi kwa magari-nyumba, yenye mbavu ngumu za kubeba uzito uliosimama muda mrefu. Baba aliyapenda. Lakini aina aliyoipenda ilikuwa na zile herufi za matope na theluji tu. Haikuwa na ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na sheria mpya inataka alama hiyo. Kuna matairi ya misimu yote ya magari ya mizigo, yenye alama. Hayo Baba aliyaogopa mbavu.

"Yatalegea nyuma," alisema. "Kule nyuma kuna tangi la maji, kuna baiskeli."

"Baiskeli za nini Desemba, Baba?"

"Nasema kwa mfano."

"Yapo yenye vyote viwili. Mbavu ngumu na alama. Haya hapa." Nilimwonyesha kwenye simu.

Alinirudishia simu. "Nitamuuliza Gerriet," akasema.

Hapo ndipo tulipopotea. Alhamisi wenye magari-nyumba wa kijijini hukutana baa, na Mjomba Gerriet Saathoff ndiye kinara wao. Si mjomba wangu wa damu. Ni jirani aliyenifundisha kuogelea, na ana maoni juu ya kila kitu chenye gurudumu. Nilimsindikiza Baba ili jambo liishe.

"Misimu yote!" Gerriet alipiga meza. "Enno, bwana, tairi la misimu yote ni kama suruali ya kuendea harusini na kuvulia kaa. Kote kote utachekwa."

"Mimi ninayo, mwaka wa nne," mwingine akasema kutoka kwenye kona. "Sijapata shida."

"Wewe huendi popote! Unalala nyuma ya duka la mkeo!"

"Na upepo je?" wa tatu akauliza. "Enno, unajaza upepo kiasi gani? Umepima uzito wa ekseli?"

"Ule uzito wa kwenye kadi ya gari..."

"Kadi! Kadi haijui mkeo anabeba sufuria ngapi!"

Wakacheka wote, na Baba akacheka nao. Nikamwona anaandika kitu kwenye kisahani cha karatasi cha bia. Tulirudi akiwa na mashaka mapya mfukoni, na asubuhi akaenda kwenye mizani ya chama cha wakulima, akapanga foleni nyuma ya trela za viazi-sukari, akapima ekseli moja moja. Alirudi akitabasamu. Matairi yale yenye vyote viwili yangeubeba uzito ule bila taabu.

"Basi tuagize," nikasema.

"Nafikiria kama kweli tunahitaji misimu yote. Pengine yale ya baridi hasa."

Ningeweza kulia. Ilikuwa Oktoba, na mwezi huo nchi nzima hubadilisha matairi. Kila mtu hapa anajua: ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na watu wote hulikumbuka wiki hiyohiyo. Gereji hujaa. Nilipiga simu ya kwanza, nafasi hakuna. Ya pili, wakanicheka. Mwishowe rafiki yangu wa shuleni, Wübke, anayepokea simu kwenye gereji moja mjini, alinichomekea nafasi ya Jumanne, na matairi yakaagizwa kwa jina letu.

"Usinichelewee, Levke," aliniambia. "Hapa watu wanagombana hadi wanatukanana."

Jumatatu jioni nilimkuta Baba ananyoosha soksi zile nyeupe kwenye benchi la banda.

"Nimemwambia Wübke asubiri," alisema bila kugeuka.

"Asubiri nini?"

"Gerriet anasema kuna toleo jipya linatoka majira ya kuchipua."

"Majira ya kuchipua! Baba, mtoto anabatizwa Majilio!"

"Kitu cha usalama hakiharakishwi."

"Umefuta nafasi?"

"Nimeahirisha."

Nilikimbilia simu. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa, na iliyofuata ilikuwa baada ya ubatizo. Wübke aliomba radhi kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba radhi siku nzima. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na maneno yote ya chuoni kuhusu kusikilizana yakanitoka kichwani. Nilitaka kulipiga teke gari lile.

Kesho yake saa ya chai, Mama alitandika meza kama kawaida. Kwetu chai ni vikombe vitatu. Donge la sukari chini, chai juu yake, tone la krimu pembeni bila kukoroga; kijiko hakina kazi nyingine ila kusema umetosheka, unapokitia kikombeni. Kukitia kabla ya kikombe cha tatu ni kumwambia mwenyeji kwamba hutaki tena kukaa naye.

Baba alikuwa anaeleza toleo jipya. Mama alikunywa kikombe cha kwanza. Baba akainua birika kummiminia cha pili. Mama akachukua kijiko, akakitia ndani ya kikombe.

Baba alibaki na birika hewani. "Hilke?"

"Nimetosheka."

"Ni cha kwanza tu."

"Naona." Akajiinua kwa mkongojo wake, taratibu, nyonga ikimsumbua. "Mwanangu Levke, nitazamie treni. Hata kama ni za kubadilisha mara kumi. Nitakwenda kwa mjukuu wangu nikitambaa."

Sikuwahi kuona jambo hilo nyumbani kwetu. Hata siku walipogombana juu ya mazishi ya babu, walikunywa vitatu. Mama alipofunga mlango wa chumbani, Baba aliweka birika chini pembeni ya kiweko chake, likachafua kitambaa, na hakulisogeza.

"Ongea naye," akaniambia.

"Mimi? Ongea wewe. Na kwanza niambie mimi. Umepima, umeuliza, umesoma mtandao mzima. Matairi uliyoyataka yapo. Unatafuta nini?"

Alitazama dirishani. Kutoka mezani kwetu unaona malisho, kondoo, na tuta. Hakuna kitu kingine kilichoinuka mpaka mwisho wa macho.

"Unajua mlima mrefu kuliko yote niliowahi kupanda na lile gari?" aliuliza.

"Upi?"

"Daraja la mto Ems."

Nilidhani anatania. Uso wake haukutania.

"Naota linarudi nyuma," alisema. "Nakanyaga breki na linarudi nyuma, mama yako yuko kitandani, na chini hakuna kitu. Nikawa nafikiri lipo tairi moja, nikilipata hilo, sitaota tena. Gerriet ananiambia hili, naota. Wale wananiambia lile, naota."

Hasira yangu haikuisha, nisidanganye. Wiki nzima ya kupigia gereji simu haiyeyuki hivyo. Lakini nilihama kiti nikakaa upande wake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nimeshamwahidi."

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe huko chuoni Freiburg ulikuwa unaendesha gari la mikate. Milimani, alfajiri, kwenye theluji."

"Misimu miwili ya baridi."

"Lilikuwa na matairi gani?"

"Sijui, Baba. Nafikiri ya misimu yote. Sikuwahi kuyatazama."

"Hukuyatazama!" Alishtuka kweli. "Mungu wangu. Hukuyatazama hata upepo?"

"Wenye gari walitazama. Mimi nilikuwa naendesha polepole."

Baba alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Halafu akainuka, akavaa koti, akatoka kwa miguu kuelekea kwa Gerriet. Nilimfuata, maana sikumwamini tena na Gerriet.

Mjomba Gerriet alikuwa na nafasi gereji ile ile, wiki mbili kabla ya ubatizo. Baba alisimama mlangoni, hakuingia.

"Gerriet, nipe nafasi yako."

"Enhe! Umechagua nini? Nilikwambia yale mapya..."

"Nimechagua yale ambayo Levke aliagiza mwanzoni. Gerriet, naogopa mlima. Hilke ametia kijiko kwenye kikombe cha kwanza."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Gerriet alikosa maoni.

"Cha kwanza?" akauliza.

"Cha kwanza."

"Chukua nafasi. Mimi siendi popote kabla ya Pasaka." Akamshika Baba bega. "Lakini upepo utajaza ninavyokwambia mimi, mzee, hilo sikuachii."

Matairi yalifungwa. Baba aliyakagua moja moja, alama ya mlima, tarehe ya kiwanda. Mama aliendelea kunywa chai yake chumbani mpaka siku tuliyopakia.

Siku ya pili ya safari, baada ya chakula cha mchana, tulifika chini ya ile njia ya mlimani. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni, juu kuliko madirisha. Baba aliegesha kwenye maegesho ya mwisho, akazima injini, akakaa akishika usukani kwa mikono miwili. Dakika zikapita. Nilijiambia, ni hapa sasa, tutageuka hapa.

Baba akashuka. Alizunguka mbele ya gari, akishika boneti kwa sababu ya utelezi, akafungua mlango wa upande wangu.

"Sogea kule," akasema. "Na usipite gia ya pili."

"Una uhakika?"

"Sina. Sogea."

Niliendesha. Baba alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, na hakuna kona ambayo hakuisemea. Kushoto zaidi. Usikanyage ghafla. Unasikia mlio huo? Ni mpira au ni mawe? Levke, basi linakuja. Levke, basi! Nilitamani sana anyamaze, nikijua fika kwamba akinyamaza atafumba macho. Matairi yalishika. Yaliteleza kidogo kwenye kona moja, yakashika tena.

"Enno," Mama aliita kutoka nyuma, amefungwa mkanda kwenye kiti kilicho kando ya meza, kofia ya ubatizo mapajani. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu tulipotoka nyumbani. "Tunapanda au tunashuka?"

"Tunapanda."

"Basi mwache mtoto apande."

"Ninamwacha, Hilke. Huoni ninamwacha?"

Kwenye kona ya juu kabisa Tomke alikuwa amekuja kutulaki, amesimama kando ya barabara na gumboti za mumewe, mtoto amemfunga kifuani ndani ya koti, akipunga mkono kwa nguvu kama anayezuia treni. Nilisimamisha gari katikati ya njia, taa za hatari zikiwaka. Baba alikuwa wa kwanza kushuka, akakimbilia mlango wa nyuma kumpa Mama mkono.