Jina Asilolitaja Mkwe

Siku hizi watu huingia kwenye saiba yangu ya intaneti hapa Kitui kama wanaokwenda kung'olewa jino. Wanataka kujaziwa fomu ya serikali, wanapiga miayo, wanalaumu mashine, wanaondoka bila kuaga. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka wa 2006 watu walikuwa wakioga kwanza. Nimeona mzee amevaa koti lake la harusi kuja kufungua barua pepe moja, na mama wa kanisa aliyefumba macho akaomba kabla ya kubonyeza pa kutuma. Picha ilikuwa ikishuka polepole, paji la uso, macho, pua, na saiba nzima ilisimama nyuma ya mwenye picha kungoja kidevu. Intaneti ilikuwa mbovu na niliipenda kuliko hii ya sasa. Atakayenicheka na acheke.

Kwa hiyo Munyao alipoingia wiki iliyopita na shati lililopigwa pasi, nilijua ni mtu wa enzi zile. Ni mkulima wa Kathonzweni na mzee wa kanisa. Mkewe, Mumbua, alifariki mwaka jana. Mumbua nilimjua vizuri. Kabla hawajaoana alikuwa mwalimu wa chekechea hapa mjini, na kila Jumamosi alikuja kwangu kumwandikia Munyao, ambaye wakati huo alikuwa utingo wa lori la Abdow, mfanyabiashara wa mifugo kule Garissa. Uchumba wao wote ulipitia kwenye mashine zangu.

Munyao alitaka jambo moja tu, kuzisoma tena barua za mkewe. Akaunti yake mwenyewe ilifungwa zamani kwa kutotumika. Simu ya Mumbua iliibwa siku ya mazishi. Kuna watu hawana haya. Lakini akaunti ya Mumbua ilikuwa hai, maana aliitumia kwa mambo ya akina mama wa kanisa mpaka alipougua. Paswadi hakuna aliyeijua. Nikabonyeza pale pa waliosahau, na mashine ikauliza swali ambalo Mumbua alilichagua siku ya kwanza: Mama yako anaitwa nani?

"Niambie," nikamwambia Munyao.

Akaangalia dari.

Mimi pia ni Mkamba, nilipaswa kufikiria kabla ya kuuliza. Mkwe hataji jina la mama mkwe wake. Halitaji kwa sauti, haliandiki, na akikutana na mwanamke mwingine mwenye jina hilo, humwita mama wa fulani. Tunaiita nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu, na mtu kama Munyao haivunji kwa sababu ya kompyuta. Alimpigia shemeji yake Nzuki, akanipa simu, akatoka nje mpaka barabarani ili asisikie. Nzuki akanitajia jina la nyumbani la mamake. Nikaliandika, mashine ikakataa. Akanitajia la ubatizo. Ikakataa tena, ikaonya kwamba nikikosea mara moja zaidi akaunti itafungwa kabisa. Majina yenyewe sitayaandika hapa, mwenyewe yuko hai na hajaniruhusu.

Nilimwita Munyao nikamweleza. Alifuta jasho kwa leso, akakaa, akasema basi aulizwe mwenyewe. Mama mkwe wake anaishi Kasikeu. Munyao alimpigia, wakasalimiana kwa kirefu, mvua, mbuzi, goti linalomsumbua mama, kisha maneno yakamwishia akanisukumia simu. Nikasogea mlangoni ili Munyao asisikie majina, nikamweleza mama yule swali la mashine na majibu mawili yaliyokataliwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa Mumbua angeniita hayo majina lini?" akasema. "Huyo mtoto tangu ajue kuongea ameniita Mwaitu."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Ndivyo kila mtoto wetu anavyomwita mamake, na ndivyo Munyao mwenyewe alivyomwita muda mfupi uliopita akimwuliza habari za goti. Nikaliandika. Akaunti ikafunguka.

Barua zilikuwepo. Mumbua alikuwa amehifadhi majibu yote ya Munyao, na chini ya kila jibu, kama barua pepe zilivyo, ilikuwepo ile barua yake iliyojibiwa. Munyao alivaa miwani. Simu ilikuwa bado wazi mezani, na mama akauliza kama tumeingia. Nikasema ndiyo.

"Basi someni nimsikie mtoto wangu."

Nikaona taabu nyingine inakuja. Hizi zilikuwa barua za wachumba, si za kusomewa mama mkwe. Nilinyoosha mkono nisome mimi. Munyao akatikisa kichwa.

"Wacha, Katunge. Aliniandikia mimi."

Akashuka hadi chini ya ukurasa, akasoma polepole. Mumbua alisema ndege wamemaliza mtama wa mamake, na watoto wa chekechea wamemwambukiza mafua. Alisema amenunua blauzi ya bluu na ameivaa kuja saiba, ingawa anajua haionekani. Hapo Munyao akasogeza miwani. Niliuona mstari unaofuata, nikatazama mlango. Mama alikuwa akingoja. Munyao akakohoa, akausoma kwa sauti ileile anayosomea Biblia.

"Nakumbuka ulivyonishika kiuno pale stendi nikajifanya nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Niandikie barua ndefu, nimelipia saa nzima."

Mama akauliza, "Na wewe ulimjibu aje?"

Munyao akapanda juu ya ukurasa. Angeweza kudanganya, nami ningenyamaza. Akasoma: "Nimepokea. Niko salama. Munyao." Akafungua nyingine, kisha nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Nilimkasirikia na nikamhurumia, vyote kwa pamoja. Nilimkumbuka Mumbua amekaa pale dirishani hadi saa yake iishe, akiangalia maneno yale machache.

"Mwaitu, sikuwa najua kutype," Munyao akasema. "Na kulikuwa na watu wamesimama nyuma yangu wanasoma."

"Alikuwa anakuja nyumbani Jumapili anatuambia Munyao ameandika," mama akasema. "Tukimuuliza Munyao amesema nini, alikuwa anatuambia mpaka chai inapoa."

Munyao akavua miwani. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujisumbua kuyafuta.

"Nilisema nini?" akauliza.

Mama akaanza kumweleza.