Kichwa cha Kubebea Kabichi

...na kama si hizi kabichi nisingekuwa na la kuwaza, ningesimama kwenye foleni hii kama nilivyosimama miaka yote, shahada ya kura mkononi, najua pa kuweka alama, naingia, natoka, naenda zangu kupalilia karoti, lakini mbele yangu amesimama Felista, na kichwani kwa Felista kuna tenga, na tenga limejaa kabichi, siku ya Jumapili, tumetoka misa ya kwanza sasa hivi, hapa mbele ya shule hakuna lori wala mnunuzi, na si Felista peke yake, nimeshawahesabu mara mbili, wanawake kumi na wawili wamekuja kupiga kura na mizigo kichwani, wamenyoosha shingo, ukungu umewafika kiunoni, na tisa kati yao wanatoka kwenye nyumba zangu, mimi balozi wa nyumba kumi, mimi niliyepita mlango kwa mlango mwezi mzima nikiwaambia mtoto wetu anagombea ubunge, msiniangushe, na hakuna hata mmoja aliyenidokeza, wamepanga haya yote jikoni kwao mimi nikiwa nimelala usingizi wa pono... na kituo hakijafunguliwa, bado robo saa, msimamizi anatoka mlangoni na kitabu chake cha sheria, kijana wa watu, ametoka mjini na viatu vya mjini, tope limeshamharibia kimoja, anasema, "Akina mama, shusheni hiyo mizigo, hapa ni kituo cha kura si sokoni," na Felista hata hajageuza shingo, "Mwanangu, nguo ya chama sikuvaa, kofia ya chama sikuvaa, nimebeba kabichi, nionyeshe humo kwenye kitabu palipokataza kabichi," na kijana anafunua kitabu, kweli anafunua, analamba kidole anafunua tena, watu wanaanza kucheka kidogo kidogo, na mimi nimebana midomo kwa sababu mdomo wangu nimeshauogopa, Jumatatu ulicheka kabla sijauruhusu.

Jumatatu, siku ya soko, lori la Fidelis limepanda na magunia matupu na kaseti, Fidelis dereva wetu, mtu wa maneno machache, kafungua milango yote miwili akasema sikilizeni wenyewe mimi sisemi kitu, na ikatoka sauti ya Deogratias, mwanangu, mtoto wa dada yangu Bernadeta, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, ukoo unapita kwa mama, shamba linapita kwa mama, hata jina lake la ukoo tumempa sisi, alikuwa mjini Morogoro kwenye karamu ya wafanyabiashara waliokuwa wanamchangia, unasikia vijiko vinagonga sahani, mmoja anamwuliza mheshimiwa, tunaambiwa huko milimani upinzani umeota mizizi, huogopi, na yeye anacheka, kicheko kile kile cha utotoni, anasema, "Wale wa upande wa pili? Niwaogope nini? Vichwa vyao ni vya kubebea kabichi, havijawahi kubeba wazo," na karamu nzima ikaangua kicheko, na mimi pale kando ya lori nikacheka nao, Mungu wangu nilicheka, kwa sauti, nikamtazama Felista usoni nikicheka, kwa sababu Felista ndiye wa upande wa pili, ndiye aliyetundika bendera yao juu ya paa la jiko lake mwaka mzima nikiitazama kila ninapofungua dirisha, nikasema moyoni amepatikana leo, na Felista alijishika tu utosini, taratibu, mahali pale nywele zilipokwisha, na wanawake wengine wakajishika utosini, wa chama chake na wa chama changu, na mimi sikujishika, kicheko kilikuwa bado hakijaniisha.

Lakini kicheko ni kitu gani, mtu anacheka yanaisha, mimi sikuishia kwenye kicheko, na hapa ndipo ninapokwepa kila siku tangu Jumanne, nakwepa nikilima, nakwepa nikisali rozari... Jumanne alfajiri niko njiani kulifuata lori lililolala sokoni, na tenga langu nimeshatwishwa na watu wangu wa nyumbani, namkuta Felista kwenye jiwe pale mtelemko unapoanza, amepumzika, ametua mzigo, yuko peke yake, ananiambia, "Dada, nitwishe," na huku kwetu mtu akikuambia nitwishe unamtwisha, hata kama jana mlivunjiana vyungu, hata kama kesi yenu ya mpaka ipo kwa mtendaji, tenga lililojaa halipandi kichwani kwa mikono miwili, linataka minne, na leo ni yeye kesho ni wewe, marehemu mama alitufundisha hilo mimi na Bernadeta kabla ya kutufundisha Baba Yetu, na mimi, Editha, nilisema nini, nilisema, "Mwambie mwenyekiti wenu aje akutwishe," nikapita, na nilikuwa nimefika kwenye kona ya pili nikasikia kabichi zinaporomoka, alijaribu kujitwika mwenyewe kutoka juu ya jiwe, du, du, du, zinagonga miti zinashuka korongoni, kazi ya miezi mitatu, na sikugeuka, nilijiambia nina mzigo kichwani siwezi kugeuka, uongo, tangu lini nikashindwa kugeuka na mzigo, lori likaondoka bila yake, na mimi niliuza, na hela zile hata chumvi sijanunulia.

Sasa anakuja Anselmi, namwona anavyoruka madimbwi, wakala wa Deogratias, koti la nailoni limempendeza, "Shikamoo mama balozi," marahaba, ananiinamia sikioni, "Mama, hawa watu wako wanatutia aibu, waambie washushe, wewe wanakusikia, na mheshimiwa mwenyewe amesema nikwambie, yale yalikuwa utani tu, halafu hakuwasema ninyi, aliwasema wale," utani, eti utani, mtani wangu ananitukana machoni pangu na siku nikifa anakuja kunichimbia kaburi, ndio utani huo, utani hausemwi karamuni nyuma ya mgongo wa mtu mdomo umejaa kuku, na anasema wale, wale wapi Anselmi, nitazamie huo mstari wa vichwa hapo mbele uniambie kipi ni cha wale na kipi ni cha hawa, utosi wa Felista una upara na wangu una upara, kwa mzigo ule ule na kwa njia ile ile, au kuna kabichi ya chama na kabichi ya upinzani, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na mwanangu amejikwaa ulimi, ila hataki kukubali kwamba ametuangukia sisi, angekuja, hilo tu, angepanda lori la Fidelis akaja akasimama sokoni akasema mama zangu nimekosa, tungemzomea kidogo tukamsamehe, mtoto ni mtoto, lakini wiki nzima hakuja, amemtuma mtu wa koti la nailoni aje kunigawia tusi, kipande hiki cha wale, kipande hiki sicho chako.

Na kichwa hiki ndicho kilichobeba sanduku lake, anakumbuka au amesahau, sanduku la bati la bluu, mwaka aliochaguliwa kwenda sekondari, Bernadeta alikuwa mgonjwa, nikalibeba mimi, kutoka nyumbani mpaka linapofika gari, saa nne za kutelemka, yeye mbele na viatu vipya kavivua kavishika mkononi visichafuke, na alikuwa ananiuliza kila kona, mama mdogo umechoka, mama mdogo tupumzike, mtoto mwenye huruma kabisa, ni nani aliyemfundisha kusahau, na ada yake ilitoka wapi kama si kwenye matenga ya mama yake, hayo mawazo yote aliyobeba kichwani mwake yalipandishwa huko na kabichi, moja moja, msimu kwa msimu... sitalia hapa, sitalia mbele ya Anselmi, hasira nzuri kuliko machozi na leo ninayo ya kutosha.

Msimamizi amefunga kitabu. "Basi tueni nikague, nione kama hamna vitu vya kampeni," na wanatua, anachokoachokoa na kalamu, anainua majani, anakuta kabichi, kwenye tenga la pili kabichi, la tatu kabichi, anachoka, "Haya, bebeni, lakini mlangoni mtaacha," na wanawake wanatwishana, wa nyuma anamtwisha wa mbele, hop, hop, mstari wote, mpaka zamu inafika kwa Felista, na nyuma ya Felista ni mimi, na walio nyuma yangu wananyoosha shingo waone, kwa sababu habari ya Jumanne wanayo wote, kabichi zilipogonga miti mlima mzima ulisikia, na Felista haombi, hataomba tena, anainama mwenyewe anashika ukingo wa tenga kwa mikono miwili, namwona mshipa wa shingo, upande mmoja umevimba tangu siku ile, na Anselmi amesimama kando ananitazama mikono, na najua, nikimtwisha huyu mbele ya watu wote hawa ubalozi umeisha, kesho watakuja kuchukua daftari la wanachama, na ukoo utanikalia kikao, watasema Editha amemuuza mtoto wa marehemu dada yake, damu ni nzito kuliko maji, watasema, na mimi nitawaambia ndiyo ni nzito, na aliyeanza kuimwaga ni nani... na kura yangu ni siri, huko ndani nitakuwa mimi na Mungu na kalamu, ningeweza kukaa kimya hapa nikafanya yangu kule, hakuna atakayejua, ningeweza, ila Jumanne sikumnyima Felista kwa siri.

"Inama, Felista."

Amegeuka. Hajanitazama tangu siku ile, na macho yake hayana msamaha wala hayana ugomvi, yamechoka tu, "Umesemaje?" na nasema kwa sauti ambayo hata msimamizi aisikie, "Nimesema inama, nikutwishe. Na Jumanne nilikukosea, hawa wote ni mashahidi," na Anselmi, "Mama balozi! Mama balozi, fikiria!" nafikiria Anselmi, nafikiria, ndicho ninachofanya hapa tangu ulipoanza ukungu huu, kamwambie mwanangu kwamba mama yake mdogo alikuwa anafikiria, na sanduku nilimbebea lakini leo simbebi, na Felista amekunja magoti, nimeshika ukingo wangu naye wake, mikono minne, moja, mbili, linapanda, zito, limekaa, anavuta pumzi, anajaribu shingo kushoto, kulia, na ndipo ninapojitazama, kumbe muda wote kabla ya kushika tenga mikono yangu ilikuwa inasokota ncha ya kanga niliyojitanda, kanga ya marehemu Bernadeta, nimeisokota imekuwa ngata kamili ya kuwekea mzigo, na sikubeba mzigo wowote leo, basi naiweka utosini hivyo hivyo, pale penye upara, Anselmi anatazama, atazame, na Felista hawezi kugeuka sasa, anapeleka mkono juu anapapasa, anatoa kabichi moja ananipa kwa nyuma, nami naituliza juu ya ngata, kijana wa mjini anafunua kitabu tena, kabichi ina umande, umande unanitiririka shingoni mpaka mgongoni, baridi, na mlango bado umefungwa na foleni haijasogea hata hatua moja.