Amri ya Mstari Mmoja

"Amekufa tena," fundi alisema, akaegemea kiti.

Aliyekufa hakuwa mtu. Ndani ya kila seva ya chumba kile cha mitambo ziliishi kompyuta pepe kadhaa, kompyuta zisizo na umbo, kila moja ikihudumia ofisi yake, na mafundi waliziita wageni. Wiki ile zilikuja seva mbili zenye prosesa mpya, zilizoweza kukokotoa picha upesi kuliko zile nne za zamani. Fundi, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Subiri, alikuwa amemwonyesha mgeni wa majaribio uwezo ule, naye akanogewa nao. Kisha akamhamishia seva ya zamani, kama wageni wanavyohamishwa seva yao inapoharibika. Mgeni akautafuta uwezo aliokwisha kuuzoea, akaukosa, akaanguka palepale.

Mkuu wake akaingia bila kubisha. "Hospitali wamepiga simu mara tatu. Picha moja ya kichwa inachukua zaidi ya saa nzima kukokotolewa. Wafungulie wageni wote uwezo huo mpya. Si amri ya mstari mmoja tu?"

"Ni mmoja, mkuu. Lakini seva mpya ikizimika, wageni watakimbilia za zamani, na huko watakufa wote. Hospitali wa kwanza."

"Na isipozimika?"

"Tutakuwa tumebahatisha."

Mkuu akacheka kidogo, bila kutaka. "Sasa unatakaje?"

"Wengine wote niwafiche uwezo huo. Hospitali peke yao niwawashie mgeni mwenye nao, nimwekee sharti asihamie popote ila kwenye seva mpya. Nijaribu kwanza. Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi. Isizidi."

Mkuu akatoka. Mlango haujafungika vizuri, simu ya fundi ikatetema. Alikuwa mdogo wake wa kiume.

"Dada, tuko hospitali na shangazi. Kichwa bado kinamgonga. Tuko kwenye foleni ya picha, wanasema mitambo mizito. Si nyie mnaoitunza?"

Shangazi ndiye aliyewalea tangu mama yao alipofariki.

"Ni sisi," fundi alisema. "Mwambie nakuja."

Ile amri ya kuwafungulia wageni wote alikuwa ameiandika tangu asubuhi. Ilibaki kubonyeza tu. Aliitazama. Kisha akaifuta herufi kwa herufi, akaanza kuandika lile sharti.

Alimhamisha mgeni wa majaribio mara kumi na mbili kati ya seva mbili mpya. Akamlazimisha aende ya zamani, sharti likamzuia. Saa kumi kasoro dakika tano akamwasha mgeni mpya wa hospitali. Picha mpya zikaanza kwenda kwake. Zilizokwisha kuanza zikaachwa zimalizikie kwa yule wa zamani. Akachukua mkoba wake.

Hospitalini alimkuta shangazi kwenye benchi, mkono shavuni, mdogo wake ametoka nje. Alikuwa amepigwa picha saa kumi kasoro robo, dakika kumi kabla ya mgeni mpya kuwashwa, na picha yake ilikuwa bado kwa yule wa zamani. Mbele yao baba mmoja na bintiye walitoka chumba cha picha, wakakaa, na hata hawajajiegemeza vizuri daktari akawaita.

"Hao wamekuja sasa hivi," shangazi alisema taratibu. "Mimi nimeota mizizi hapa."

"Najua, shangazi."

"Wana mtu wao humu ndani."

Fundi aliketi kando yake. Alisogea karibu, na shangazi akalaza kichwa begani mwake, kizito, chenye joto. Wote wawili wakautazama mlango wa daktari.