Joto Chini ya Kiti

Geji ile ya pikipiki Apolonia aliinunua Kagongwa kwa muuza kava za simu, ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya pikipiki kubwa ambayo Runzewe nzima haijapata kuiona. Ilikuwa ya bei ya kutupa. Alichotaka yeye ni kujua mafuta tu, maana mara mbili pikipiki ilimzimikia njiani, masufuria ya wali yakafika machimboni yamepoa, na mchimbaji mwenye njaa hana adabu.

Fundi Donatus alifungua dashibodi ya zamani iliyokufa siku nyingi, akaanza kumenya nyaya kwa meno. Mwekundu akaupeleka kwenye betri, mweusi kwenye bodi, wa kijani kwenye tangi. Ukabaki mmoja mweupe wenye kijichuma cha shaba mwishoni, wa kupimia joto la injini. Maelezo yalikuwa ya Kichina, na injini haikuwa na tundu la kuuchomeka.

"Geji za Mchina ndivyo zilivyo, Mama Noela," Donatus alisema. "Kama harusi. Lazima abaki mgeni mmoja asiyejulikana ni wa nani."

Alipoinua kiti alikuta taulo dogo, gumu kwa jasho lililokauka.

"Nitupe hili?"

"Acha. Ni la Baba Noela."

Donatus akakiviringisha kile kijichuma kwenye taulo kisije kikagongagonga, akafunga kwa mpira wa tyubu, akarudisha kiti. Akawasha ufunguo. Mafuta nusu, betri nzuri, kasi sifuri, joto thelathini na saba. Injini ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi. Donatus aliweka kiganja kwenye injini, kisha akakiweka kwenye kiti.

"Hili joto ni la mtu," alisema, akaanza kukusanya spana zake. "Mwenye taulo yuko hai."

Mwenye taulo alikuwa Mihayo, mume wa Apolonia. Wakati wa mvua aliingia kwenye duara la mzee Mayala, yaani shimo lake la dhahabu, nalo likaporomoka. Mayala akasema wote wametoka. Mihayo, kwa maelezo ya Mayala, alishaondoka zamani kwenda Maganzo kutafuta almasi, na wanaume wakifika Maganzo hupata na wake wengine. Kesho yake mdomo wa duara ukajazwa kifusi, likafunguliwa jingine pembeni.

Kwa hiyo hakukuwa na msiba. Hakuna aliyeleta unga, hakuna aliyekuja kulala kwenye mkeka, hakuna aliyesema pole. Wanawake walimsalimia wakitazama pembeni, kama mtu aliyeachwa. Hilo lilimuuma Apolonia kuliko mengine yote, na hakuwa na wa kumwambia, kwani Noela alikuwa anasoma Kagongwa kwa bibi yake. Mjane ana watu. Yeye alikuwa na pikipiki.

Aliiendesha hadi machimboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Noela. Leo maharage yapo?"

Apolonia alimwonyesha geji, akainua kiti, akamwonyesha taulo. Mayala alivaa miwani, akasoma bila haraka.

"Ndiyo, ni yeye," alisema. "Mihayo alikuwa na joto hata akiwa huku juu."

"Basi mfukue, mzee wangu. Nakuomba."

"Nitamfukuaje? Nilishatamka mbele ya serikali ya kijiji kwamba mle hamna mtu. Nikifukua nitakuwa nimesema uongo. Na mimi, mama, si mwongo."

Aliomba sahani ya wali, akala yote, akasifu maharage.

Jioni ile pikipiki ilikuwa chumbani kando ya kitanda, kwa kuogopa wezi, na ufunguo ukiwa kwenye pochi ya Apolonia. Geji iliwaka yenyewe. Kasi ikasoma moja, ikarudi sifuri, ikasoma moja tena. Namba ya kilometa ikasogea kidogo. Jirani yake Martina, aliyekuja kuomba chumvi, aliinama akatazama.

"Anatambaa," alisema. "Huyo anakuja nyumbani. Andaa maji ya kuoga." Akaondoka na chumvi yake.

Tangu hapo Apolonia hakuipanda tena pikipiki, ili kilometa ziwe za Mihayo peke yake. Masufuria aliyabeba kichwani. Shingo ilimuuma, na alifurahi hivyo hivyo. Kutoka machimboni hadi kwake zilikuwa kilometa nne, geji yenyewe ilikuwa imemwambia, na Mihayo alizitafuna kiangazi kizima. Pamba ilivunwa, ikapimwa, ikaenda zake, naye bado yuko njiani. Kuna siku kasi ilikuwa sifuri kutwa. Siku hizo Apolonia alikaa kitandani, akakisimulia kiti habari za shule za Noela na bei ya mkaa. Thelathini na saba haikushuka hata mara moja.

Jioni moja kilometa ya nne ikatimia na kasi ikatulia. Apolonia alikuwa amechinja kuku. Alifungua mlango, akasimama. Nje kulikuwa na mbuzi wa Martina tu. Aliporudi ndani, miguu peku, alihisi sakafu kando ya kitanda ina joto mahali pamoja, pa kutosha mtu kulala. Mihayo alikuwa amefika. Ila alikuwa amefikia chini.

Apolonia alichukua jembe, akavunja sakafu, akachimba hadi shimo likamfika kiunoni na jembe likagonga mwamba. Hapo alilia kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka tangu mvua, na hakuna aliyekuja kumshika bega.

Walikuja asubuhi. Pande hizi mtu akichimba ndani ya nyumba yake haulizwi sababu. Majirani walifika na mabeseni, na kabla ya mchana Mayala alikuwa mlangoni na kamba, magogo na leseni.

"Hapa hakuna dhahabu, mzee," Apolonia alisema. "Yuko Baba Noela."

"Vizuri. Tukimkuta tutakuita."

Wakasaga kipande cha ule mwamba, wakakiosha, kikang'aa. Kitanda cha Apolonia na pikipiki vikahamia barazani. Aliomba ashuke mwenyewe, hata mara moja tu. Wakamkatalia kwa upole, kwani mwanamke akishuka dhahabu hukimbia, na hilo kila mtu analijua. Basi akawapikia, akihesabu kila ndoo ya kifusi iliyopanda kuwa imempunguzia safari mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu mvua alijisikia kuimba.

Boaz, aliyewahi kuchimba na Mihayo, alipanda jioni moja akaja kunawa.

"Kule chini upande wa kulia mwamba una joto," alisema.

"Joto gani?"

"La mtu, shemeji. Ukiweka mkono hutamani kuutoa."

Apolonia aliweka mwiko chini, akamtazama Mayala. Mayala alikuwa anageuza jiwe kwenye mwanga wa simu.

"Mshipa wa dhahabu umekwenda kushoto," alisema. "Kulia hakuna kitu."

Apolonia alipakua sahani moja zaidi, akaifunika, akaiweka kwenye mdomo wa duara, upande wa kulia. Geji ilisoma thelathini na saba, kasi sifuri. Asubuhi wachimbaji walikunywa uji, wakamshukuru, wakashuka, wakachimba kushoto.